Mbegu na Nambari: Somo la Matoleo ya Programu

Mkulima wa Kitale akienda dukani hasemi tu, "Nipe mahindi." Huomba H614, mbegu ya nyanda za juu. Shemeji yake wa Bungoma, sehemu za chini, huomba H513. Nambari humwonyesha kila mmoja mbegu itakayomfaa.

Programu za kompyuta nazo zina nambari. Tuchukue 1.4.2. Nambari ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja utaratibu wa zamani. Ya pili, jambo jipya likiongezwa bila kuvunja kitu. Ya tatu, kosa likirekebishwa. Tahadhari! Nukta hizi si za desimali. Toleo 1.10.0 ni jipya kuliko 1.9.0.

Npm ndiyo hutuletea vipande vya programu kutoka kwenye intaneti. Tunaiagiza hivi:

^1.4.2: toleo hilo au jipya zaidi, mradi lisifike 2.0.0.
~1.4.2: vivyo hivyo, lakini lisifike 1.5.0.
1.4.2: hilo hilo tu.
*: lete lolote!

Muhula uliopita, siku mbili kabla ya maonyesho, kamusi ya chama chetu ilizimika. Kisa? Mimi niliandika nyota, kisha nikanakili kazi kwenye kompyuta nyingine nikaiacha faili ya package-lock.json, ambayo hutunza matoleo kamili yaliyotumika. Npm ikaleta toleo la 2. Lo! Tulikesha tukirekebisha.

Basi wenzangu, andikeni mpaka, na faili hiyo msiiache nyuma. Asiyesoma mfuko wa mbegu asilaumu mvua.