Kupima Kina Kisichoonekana

Mashariki ya Kibondo, nyanda za juu za Kigoma huteremka hadi kwenye vinamasi vya Pori la Akiba la Moyowosi, makao ya nyati na tembo. Wanyama wa namna hiyo huhitaji bunduki za risasi nene. Mojawapo ya risasi hizo ni .458 Winchester Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1956. Ilipotumika Afrika, wawindaji walilalamika kwamba mara nyingine ilikosa nguvu iliyotazamiwa. Sababu mojawapo ilikuwa ufinyu wa nafasi: kichwa cha risasi kilizama ndani ya ganda na kuishindilia baruti, nayo ikagandamana isiungue yote.

Kina cha kuzama huko hakionekani. Hupimwaje basi? Mtengenezaji hutumia kalipa ya vernia kupima urefu wa ganda tupu (G), wa kichwa (K), na wa risasi iliyokamilika (J). Kina ni:

D = G + K − J

Tuseme G ni milimita 63.5, K ni 34.0 na J ni 84.8. D ni milimita 12.7. Kwa kuwa kipenyo cha kichwa ni milimita 11.6, kila milimita moja zaidi ya kina hupunguza nafasi ya baruti kwa sentimita za ujazo 0.106 hivi. Baruti ikibaki ile ile na nafasi ikapungua, kanieneo hupanda. Na katika ganda dogo upungufu huo huo ni sehemu kubwa zaidi ya nafasi yote. Hapo ndipo ilipo hatari.

Mwanafunzi aangalie kosa la sifuri. Kalipa ikizidisha kila kipimo kwa milimita 0.2, makosa mawili hujumlishwa na moja hutolewa; D huzidi kwa 0.2. Kosa halikufutika.

Njia ya tofauti tupu ni salama zaidi. Ili kujua J kubwa kabisa inayoweza kuingia katika bunduki fulani ya bolti, fundi huingiza ufito katika mtutu mtupu hadi uguse uso wa bolti iliyofungwa, akautia alama penye mdomo wa mtutu. Kisha hutoa bolti, hukisukuma kichwa kitupu taratibu kutoka nyuma hadi kikwame, huingiza ufito uguse ncha yake, na kutia alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio jibu. Urefu wa ufito hauhusiki.

Jaribio

Nchini Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Lakini shule ya Kasulu haihitaji bunduki. Chukua kipande cha mwanzi kilichozibwa na kifundo upande mmoja, kijiti kirefu, na kipande cha mti ulichokwisha kukipima. Tia alama kijiti kikigusa kifundo. Tumbukiza kipande cha mti, kisimame wima, utie alama tena. Je, tofauti ni sawa na urefu wa kipande? Rudia mara tano, kisha eleza sababu ya majibu kuhitilafiana.