SOMO LETU: Mnara wa Tangi si Geti



Vikundi vingi vimechanga pesa za harambee mpaka vikanunua tangi la maji. Likishapatikana, hutakiwa mnara wa kulikalisha. Basi mwenyekiti na mweka hazina hupanda matatu hadi Nairobi, wakashuka Ngara au barabara ya Kirinyaga, ile ya zamani ya Grogan, kutafuta fundi wa jua kali. Fundi huyo hutengeneza mageti na madirisha kila siku. Anaulizwa, "Mnara unaweza?" Anajibu, "Hiyo ni kazi ndogo." Bei inakubaliwa papo hapo.

Leo tunasema na mafundi wenye karakana ndogo, na pia wateja wao. Kazi ya kubeba uzito juu ya vichwa vya watu haikubaliwi kwa mdomo. Hukubaliwa kwa hesabu, kwa chuma kinachojulikana, na kwa mshono uliojaribiwa.

1. Tofauti iko wapi?

Geti likiachia mshono, fundi huitwa akarudia. Mnara ukiachia, hakuna cha kurudia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, mbali na uzito wa tangi lenyewe na chuma chake. Likiwa tupu nalo, upepo hulisukuma kwa ubavu. Na chini pale akina mama wanachota maji, watoto wanacheza.

Tukumbuke tarehe 23 Septemba 2019, darasa la orofa lilipoanguka katika shule moja ya Ngando, upande wa Dagoretti, na watoto wasiopungua 7 wakafa. Lile halikuwa jengo la fremu za chuma. Lakini swali la kuuliza mapema ni lile lile: nani amepiga hesabu ya uzito?

2. Hesabu ni kazi ya mhandisi

Kuchomelea ni ufundi, na kupiga hesabu ya mnara ni taaluma nyingine. Karakana ndogo haihitaji kuajiri mhandisi. Inahitaji mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na gharama yake iwekwe wazi ndani ya bei. Mchoro huo hutaja aina na unene wa chuma, ukubwa wa kila mshono, bolti, na msingi wa zege. Msichukue mchoro wa kijiji jirani mkaunakili tu, maana udongo na upepo hutofautiana.

3. Chuma kijulikane

Mabomba ya geji 16 yana unene wa milimita 1.6 hivi, ya geji 18 ni milimita 1.2 hivi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, lakini umepoteza robo ya chuma. Nunueni kalipa, mpime dukani kabla ya kulipa. Ulizeni cheti cha kiwandani, na mtunze risiti.

Ukiona kwenye mchoro S275, maana yake chuma hicho kimetengenezwa kistahimili nguvu ya newtoni 275 kwa kila milimita mraba kabla hakijaanza kunyumbuka kisirudi. Chuma cha skrapu hakina ahadi hiyo. Springi za gari, kwa mfano, zina kaboni nyingi, na zikichomelewa ovyo hupasuka kando ya mshono. Zisitumike kubebea tangi.

4. Mshono ujaribiwe

Rodi nazo si sawa. E6013 ni ile iliyozoeleka kwa mageti. E7018 hutoa mshono wenye nguvu zaidi, lakini ni lazima ikae kavu. Ikivuta unyevu, mshono unaweza kupata nyufa. Fuateni rodi iliyoandikwa kwenye mchoro.

Angalieni pia tabia ya kusaga mshono kwa grainda ili upendeze. Mshono wa kona wenye miguu ya milimita 6 una unene wa kubeba wa milimita 4 tu na kidogo. Ukiusaga, unaondoa ile nguvu yenyewe.

Jaribio hili halina gharama kubwa. Chukua vipande viwili vya chuma kile kile, uvichomelee kama herufi T upande mmoja tu, kisha uvivunje kwa nyundo. Tazama ndani. Ukiona magamba, vitundu, au chuma ambacho hakikuyeyuka, fundi huyo bado hajawa tayari. Gredi test ya NITA ni mwanzo mzuri, lakini haichukui nafasi ya jaribio la kazi iliyo mbele yenu.

Na wateja, msipokee mnara uliokwisha kupakwa rangi kabla hamjaona mishono. Rangi huficha mengi.

5. Andikeni

Daftari moja latosha: tarehe, chuma kilikonunuliwa, rodi iliyotumika, jina la aliyechomelea, na sahihi ya aliyekagua. Karakana yenye daftari hiyo inaweza kuomba kazi ya shule au zahanati bila aibu.

Wengine watasema, "Haya yote yataongeza bei, mteja atakwenda kwa jirani." Ni kweli, wapo watakaokwenda. Fundi asiye na mchoro na amwambie mteja wazi: "Geti nitakutengenezea. Mnara, tulete mhandisi kwanza." Hilo si kukosa ufundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe huenda ukajengwa juu ya kaburi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mnara au paa letu la chuma lilichorwa na nani? Mchoro uko wapi?
2. Mishono imeshika kutu au ina nyufa? Nani ataikagua mwezi huu?
3. Tukipata bei mbili, ile ya chini imeacha nini nje?