Redio Isiyoitikia Kompyuta

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, bila kutafuta faida. Baadhi yao huweka mtambo juu ya kilima, mbali na kelele za umeme wa mjini, wakauendesha kwa kompyuta wakiwa nyumbani. Mambo huwa mema hadi siku mtambo unapokaa kimya. Je, umezimika, umekataa amri, au unaendelea kurusha mawimbi ya wati 100 pasipo mtu wa kuuzima?

Tuchukue mfano wa redio ya Icom IC-706MKIIG. Redio hii huzungumza na kompyuta kwa waya mmoja tu wa ishara pamoja na waya wa ardhi. Katikati huwekwa kigeuzi cha volti, kwa maana redio hutumia volti 0 hadi 5, ilhali tundu la kompyuta la aina ya zamani hutumia volti za chanya na hasi. Kila kituo kina anwani yake: redio hii hutoka kiwandani ikiwa na anwani 58, na kompyuta kwa kawaida hujiita E0, kwa hesabu ya kizio cha kumi na sita. Ili kuuliza redio imefunguliwa kwenye mawimbi gani, kompyuta hutuma:

FE FE 58 E0 03 FD

Ikiwa redio ipo kwenye kilohezi 14,250, itajibu:

FE FE E0 58 03 00 00 25 14 00 FD

Msomaji ataona kwamba tarakimu zimepangwa kinyumenyume, mbili mbili.

Sasa, kwa kuwa waya wa ishara ni mmoja, kompyuta husikia pia maneno yake yenyewe. Mwangwi huu ndio chombo cha kwanza cha fundi, tena hauna gharama. Usiporudi, tatizo huenda liko upande wa kompyuta: tundu lililochaguliwa silo, kigeuzi hakina umeme, au waya wa ishara umegusana na wa ardhi. Ukirudi bila jibu, wengi hukimbilia kusema kwamba waya ni mzima. Wanakosea. Chomoa plagi kwenye redio utume tena, na mwangwi utaendelea kurudi, kwa kuwa unatoka kwenye kigeuzi, wala si kwenye redio.

Hapo yafaa kuiacha redio ianze kuzungumza yenyewe. Weka kasi iliyo sawa pande zote mbili, tuseme biti 9600 kwa sekunde, badala ya kuiacha redio ijichagulie. Kisha zungusha kitufe chake cha kutafutia stesheni. Ikiwa imeruhusiwa kutangaza mabadiliko yake, ujumbe utaingia kwenye kompyuta pasipo kuulizwa. Ukija safi, waya ni mzima na kasi ni sawa. Soma anwani ya mtumaji, kwani huenda kuna mtu aliyeibadilisha. Ukija umevurugika, kagua kasi. Usipokuja kabisa, kagua plagi.

Kuna hitilafu nyingine yenye hila: kila kitu hufanya kazi wakati wa kusikiliza, lakini kompyuta hukwama mara redio inaporusha. Ondoa antena, na mahali pake uweke kipingamizi cha kumezea nguvu ya mawimbi. Hitilafu ikitoweka, kebo ya kompyuta ilikuwa imegeuka kuwa antena. Ifupishe, itenge na kebo ya antena, na uizungushe mara kadhaa kwenye pete ya feriti.

Majaribio haya yote yafanywe ukiwa mbele ya redio, kabla ya kuulaumu mtandao. Huko mbali, jibu linaweza kuwa zima ila limechelewa. Ongeza muda wa programu kusubiri.

La hatari zaidi ni swichi ya kurusha. Mara nyingi huunganishwa na mojawapo ya nyaya za udhibiti za tundu la kompyuta, na baadhi ya kompyuta huwasha nyaya hizo zenyewe zinapoanza kazi. Umeme ukikatika na kurudi usiku, redio huanza kurusha. Sheria ya Marekani hutaka kiungo cha udhibiti kikiharibika, urushaji usizidi dakika 3. Kwa hiyo weka saa ya kukata umeme wa redio, na isitegemee kompyuta ileile.