Kutoka Nsemulwa hadi Ethiopia: Maandalizi ya Kiafya ya Msafiri

Tumchukulie mama wa miaka 62, mkazi wa Nsemulwa katika Manispaa ya Mpanda, anayetumia dawa za shinikizo la damu. Yeye na mjukuu wake mwenye selimundu wanakusudia kwenda Ethiopia kuona minara ya mawe ya Aksum na makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa katika mwamba. Nauli imepatikana na pasi zipo. Lililosalia ni kuiandaa miili itakayosafiri.

Chanjo na cheti

Maandalizi yaanze wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Shirika la Afya Duniani huihesabu Ethiopia miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania humdai cheti msafiri anayeingia kutoka nchi hizo. Hivyo, aliyeondoka bila cheti anaweza kukwama akirejea kwake. Cheti huwa halali siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 dozi moja hutambuliwa kwa maisha yote.

Hata hivyo, chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mjamzito, mwenye kinga dhaifu, na anayechanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi, kama mama yetu, amwone daktari kwanza ili faida na hatari zipimwe. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa hati ya msamaha wa kitabibu.

Mwinuko, baridi na joto

Mpanda iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Addis Ababa imepita mita 2,300, Lalibela inakaribia 2,500, na milima ya Simien huvuka 4,000. Kinyume chake, bonde la Danakil lina sehemu zilizo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na joto lake huvuka nyuzi 40.

Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo oksijeni anayoivuta inavyopungua. Kwa mwenye selimundu, upungufu huo, baridi na ukosefu wa maji mwilini huweza kuchochea maumivu makali. Kijana apimwe na daktari wake kabla ya tiketi kukatwa, avae nguo za joto, anywe maji mara kwa mara, na asipande Simien. Homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dharura. Bibi yake, iwapo anatumia dawa za kuongeza mkojo, anaweza kuishiwa maji upesi huko Danakil. Asipunguze dozi bila ushauri wa daktari.

Saa, tarehe na dawa

Waethiopia huhesabu saa kama sisi: saa 2 asubuhi yao ni saa 2 asubuhi yetu. Kalenda yao, lakini, ina miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Mgonjwa akitibiwa huko, aombe tarehe ziandikwe kwa kalenda zote mbili. Dawa zikae katika begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari, hasa dawa kali za maumivu.

Homa baada ya kurejea

Malaria ya Ethiopia huenea zaidi chini ya mita 2,000. Anayeshuka huko atumie chandarua na dawa ya kinga aliyoandikiwa. Asijitetee kwamba ameizoea malaria ya Katavi. Kwa mwenye selimundu, malaria ni hatari kubwa.

Mhudumu wa afya amwulize kila mwenye homa: "Umesafiri wapi?" Ethiopia ina vimelea vya falsiparumu visivyotoa protini ya HRP2, ambayo vipimo vingi vya mRDT huitegemea. Ina pia vivaksi, ambayo huweza kujificha katika ini na kuzuka baada ya miezi. Kwa hiyo, jibu hasi la mRDT lisifunge uchunguzi. Damu itazamwe kwa hadubini.

Swali hilo halihitaji kifaa wala fedha, lakini linaweza kuokoa maisha ya kijana huyu.