Drafti Isiyo ya Vizibo

Karibu na steji ya Keroka kuna wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, vya Fanta upande huu na vya Coca-Cola upande ule. Asubuhi moja ya Juni 2025 nilipita hapo macho mekundu, nikielekea kufungua kibanda changu cha kutengeneza simu.

"Nimekesha nikitazama drafti, omogaka," nikamwambia mmoja wao.

Akaniuliza nani ameshinda, na amekula ngapi.

Ikabidi nimweleze. Kule Marekani ligi ya basketi, NBA, ina timu 30. Kila mwaka huchagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Mzee akasogeza kizibo, akacheka. "Aliyeshindwa ndiye anaanza kuchagua? Hiyo si drafti, mwanangu. Hiyo ni huruma."

Nimekuwa mtumwa wa huruma hiyo kwa miaka 16. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Urefu huonekana kabla ya kitu kingine chochote

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu. Gazeti lilitufikia jioni, likiwa limeshapita mikononi mwa walimu wote. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alikuwa amechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Wa pili! Tulimfanya Mkenya siku hiyo, na kila mrefu bwenini akapewa jina la Thabeet. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Majina hayo tuliyaruka kama mtu anavyoruka matangazo ya zabuni.

Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini. Februari 2011 akahamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye. Niliona kama ametuaibisha sisi wa Afrika Mashariki, utadhani mimi ndiye niliyemlipia nauli.

2. Kabla ya kumlaumu kijana, uliza alikuta nani mlangoni

Hili nililielewa nikiwa mtu mzima, na ndilo fundisho ninalolipenda kuliko yote. Februari 2008 Memphis walimtoa nyota wao Pau Gasol kwa Los Angeles Lakers. Dunia nzima iliwacheka. Lakers wakachukua ubingwa 2009 na tena 2010, kicheko kikazidi. Lakini katika furushi walilopewa Memphis palikuwa na haki ya kumsajili mdogo wake Pau, Marc Gasol, aliyekuwa amechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Wa 48! Hapo watazamaji wengi wameshazima runinga. Huyo Marc ndiye aliyetangazwa mlinzi bora wa ligi nzima mwaka 2013.

Sasa weka hizo habari mbili pamoja. Thabeet, wa pili, alifika Memphis akakuta Marc, wa 48, ameshakalia nafasi ya senta. Timu ilimchukua kijana aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza, ikampeleka mahali ambapo dakika hizo zilikuwa na mwenyewe. Sisemi angekuwa senta gwiji kama Olajuwon kwingineko. Nasema mti uliopandwa kivulini haupimwi kwa matunda ya msimu wa kwanza.

3. Usibadilishane kitu ukiwa na hasira nacho

Jumapili ya 2 Februari 2025, asubuhi, simu ililia mfululizo. Sisi Wasabato hatuna ibada siku hiyo (tatizo letu ni mechi za Ijumaa usiku kule Marekani, ambazo huku huangukia alfajiri ya Sabato, hizo sizitazami, namwachia Mungu matokeo). Ujumbe ulisema Dallas wamempeleka Luka Dončić kwa Lakers, wakamchukua Anthony Davis. Nikadhani akaunti ya mwandishi aliyetoa habari imedukuliwa. Kijana wa miaka 25, aliyewafikisha fainali miezi minane iliyopita?

Mwezi Mei Dallas wakashinda bahati nasibu ya kuchagua wa kwanza wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, wakampata Cooper Flagg. Wateja wangu wawili wanasema hiyo ndiyo hesabu imefungwa. Mimi bado naona walikosea. Kuokota pesa njiani hakumaanishi uliuza ng'ombe kwa bei nzuri.

Nina sababu ya kusema hivyo. Niliwahi kuchoshwa na simu yangu, ndogo lakini imara, nikaibadilisha kwa nyingine yenye kioo kikubwa na nikaongeza pesa juu. Mwezi wa pili betri ilikuwa imefura kama andazi. Mimi, fundi!

4. Zamu ya kwanza haikusaidii usipojua ulichokiona

Uwanja wetu ni wa saruji iliyopasuka, na ringi moja haina nyavu. Jumapili alasiri manahodha wawili huchagua watu. Siku moja nilifanya ya Memphis: nikamchukua mrefu kuliko wote, nikamwacha kijana mfupi anayechuma majani chai. Vidole vilivyozoea kunyakua majani mawili na kichipukizi vilitunyang'anya mpira mara tano. Jumapili iliyofuata, kwa kuwa tulishindwa, zamu ya kwanza ilikuwa yangu, nikamtaja yeye kabla sentensi haijaisha. Hakunyang'anya hata mmoja. Alikuwa amekesha matangani.

5. Kifaa kipya kina wazimu wake

Nilinunua saa ya kuhesabu hatua Luthuli Avenue, Nairobi. Niliposhuka Keroka nikapanda bodaboda kwenda kwetu, na kwa mashimo ya barabara ile nilifika nikiwa "nimetembea" hatua elfu mbili. Tangu hapo siwacheki NBA. Mwaka 2006 walileta mpira mpya usio wa ngozi halisi. Wachezaji wakalalamika kwamba unawachana vidole, na tarehe 1 Januari 2007 ule wa zamani ukarudishwa. Tangu msimu wa 2013 wana kamera katika kila uwanja zinazofuata kila mchezaji na mpira. Sisi tuna daftari la kurasa 96 ambamo naandika ribaundi, na mvua ikinyesha hata hilo halisomeki.

6. Anayejulikana kwenu anaweza kuwa hakuchaguliwa kokote

Februari 2021, Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, ikafuzu mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Aliyetupa ni Tylor Okari Ongwae. Okari na Ongwae: hapa kwetu Nyamira majina hayo hayahitaji mkalimani. NBA haikuwahi kulitaja jina lake usiku wa drafti.

7. Stima ikipotea, sauti inatosha

Usiku ule wa drafti ya Juni stima ilipotea kabla ya saa tisa. Nikabaki na simu na bando linaloyeyuka, picha imeganda, sauti inakuja vipandevipande. Wa kumi: Khaman Maluach. Mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, aliyeanza basketi mwaka 2019 tu, na akiwa na miaka 17 alichezea nchi yake Olimpiki ya Paris. Aliyetangazwa kumchukua ni Houston, ilhali alikuwa anakwenda Phoenix, kwa mabadilishano yaliyomhusu Kevin Durant. Picha iliporudi, alikuwa analia.

Hayo yote nilimsimulia mzee pale steji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanga vizibo upya na kunisogezea kigoda.

"Kaa. Chagua rangi wewe kwanza," akasema, "maana utashindwa."