Mteja akiuliza "nichukue moja au seti?" Jua kwanza tofauti ya mseto na mkorogo

Somo la leo ni la sisi tunaouza mafuta ya nywele na vitu vya ngozi mtandaoni. Mimi nipo Nambis, Mbulu, mizigo yangu inapanda basi kwenda Dongobesh, Haydom mpaka Katesh, na swali ninalolipata sana WhatsApp ni hili: "Dada, hii moja inatosha au nichukue seti?"

Seti ndiyo yenye hela, tusidanganyane. Lakini sikiliza.

Wote tunaijua dawa mseto ya malaria, ALU. Ndani kuna dawa mbili. Artemetha inaua vimelea vingi haraka ila inaisha mwilini mapema, lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia waliosalia. Kila moja ina kazi ambayo mwenzake haiwezi. Huo ndio mseto. Mkorogo ni krimu tatu kwenye kopo moja, na anayekoroga hajui hata moja inafanya nini.

Tuanze na nywele. Mwaka 2013 madaktari wa India walichapisha utafiti wa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Kundi moja lilipaka minoksidili peke yake, lingine lilipaka na pia kuchomwa vitundu vidogo vya sindano kichwani kila wiki. Baada ya wiki 12, kwenye eneo walilohesabu, kundi la kwanza liliongeza wastani wa nywele 22, la pili 91. Kwa hiyo mseto unaweza kushinda kweli. Ila angalia: ni dawa moja na njia moja, siyo chupa tano. Na minoksidili ni dawa, mjamzito na anayenyonyesha hawaitumii. Muelekeze mteja duka la dawa lenye kibali.

Sasa wateja wetu wengi hawana upara wa kurithi. Nywele za mbele zimekatika kwa kubana rasta. Hapo tiba ya kwanza ni bure: kuacha kubana. Ukimuuzia seti ya 45,000 halafu Jumamosi akarudi kusuka vilevile, hela yake imeenda na mwezi ujao anakuandika vibaya kwenye magrupu. Tena kubana kwa miaka kunaacha kovu kwenye mizizi. Kovu likishaingia, nywele haioti hata umpake nini. Ndiyo maana mimi naomba picha ya juani kabla ya kutaja bei. Nikiona ngozi laini inang'aa, haina vitundu, au kuna usaha na maumivu, siuzi. Namwambia aende hospitali mapema. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo KCMC Moshi, nauli ya kwenda huko ni afadhali kuliko seti yangu.

Makovu ya ngozi nayo ni hivyo hivyo. Kovu lililovimba, keloidi, kama lile la sikio lililotobolewa: kulikata tu mara nyingi linarudi, pengine kubwa zaidi. Madaktari huchanganya, wanakata halafu wanachoma sindano za steroidi, au sindano ya steroidi pamoja na dawa nyingine. Hakuna krimu ya mtandaoni inayofanya hiyo kazi, usiiandike kwenye posti.

Madoa ya chunusi ndipo watu wanapokimbilia mkorogo. Humo mara nyingi kuna betamethasoni, inayofanya ngozi iwe nyembamba na kuleta michirizi, na haidrokwinoni, ambayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. TBS wakikukuta nayo, mzigo wote unaondoka. Kwa madoa, losheni ya kukinga jua na uvumilivu wa miezi vinasaidia.

Na hata seti halali, usiianzishe yote siku moja. Mteja akiwashwa, utajuaje ni kipi kati ya vitano? Mimi namuuzia kimoja, wiki mbili, kisha cha pili. Mauzo ya kwanza yanakuwa madogo, sawa, ila anarudi mwenyewe. Jibu langu nimelihifadhi kwenye simu, linakili ukitaka:

"Asante mpendwa. Naomba picha ya sehemu yenyewe kwenye mwanga wa jua. Imeanza lini? Unasuka mara ngapi? Kuna maumivu au usaha? Nikishaona nitakuambia kama nina cha kukuuzia."