Buza ya Kukuonya Maji ya Rejeta Yakipungua

Dereva anayetegemea geji ya joto peke yake anaweza kuua injini huku mshale umetulia. Sensa ya geji husoma vizuri ikiwa imezama. Mpira ukipasuka na maji yakaisha, sensa hubaki hewani na mshale huenda ukashuka kabisa, huku silinda hedi inapinda. Ni afadhali kupima maji yenyewe, na kifaa chake fundi umeme hukiunga kwa vitu vichache.

Kulanti hupitisha umeme. Toa waya kwenye swichi ya gari, upitie fyuzi ya ampia 1, kisha rizista ya kilo-omu 100 hadi besi ya transista BC547C. Kwenye besi hiyo hiyo unga waya wa bolti ya stenlesi iliyozama kwenye maji. Emita iende bodi. Buza ya volti 12 isiyokula zaidi ya miliampia 20 ikae kati ya fyuzi na kolekta. Maji yakiwepo, umeme wa besi hupitia humo kwenda bodi na buza hunyamaza. Yakishuka chini ya bolti, hulia. Hata waya wa bolti ukikatika italia, na kwangu hilo ndilo la maana kuliko yote: kifaa cha tahadhari kikifa, kife kwa kelele.

Ongeza kapasita ya maikrofaradi 1000 kati ya besi na bodi, chanya ikiwa upande wa besi. Itachelewesha mlio kwa sekunde nne au tano, maana kwenye matuta maji hucheza. Rizista usiipunguze, umeme mwingi wa upande mmoja hula chuma.

Sasa mahali pa kufunga, ambapo wengi hukosea. Kama gari lina rejeta yenye mfuniko wake na kichupa cha akiba pembeni, usifunge kwenye kichupa. Mpira ukivuja, rejeta hushindwa kuvuta maji ya akiba, hivyo inaweza kukauka huku kichupa kimejaa. Bolti ikae tangi la juu la rejeta, isiguse chuma. Bolti ya pili, iliyo chini zaidi, iungwe bodi kwa waya wake, kwa sababu rejeta nyingi hukalia mipira na hazigusi bodi. Kwenye magari ambayo tangi la plastiki ndilo lenye mfuniko wa presha, toboa tangi la ziada, mbali na maungio, uweke washa za mpira zinazohimili joto, na lile la asili ulitunze.

Maji ya mvua au ya betri peke yake hayapitishi umeme vya kutosha. Buza italia rejeta ikiwa imejaa. Tumia kulanti.

Kila mwezi, injini ikiwa imepoa, washa swichi na uchomoe waya wa bolti. Usiposikia mlio ndani ya sekunde kumi, anza na fyuzi, kisha buza.